SAFARI BILA MUKATE
Namna ya kusafiri na kula kwa watu kama munganga amekukataza ngano



Likizo kubwa inakaribia. Wengi wetu tutapanda bisi ya Likasi na Lubumbashi, wengine treni, na korali inajitayarisha kwenda kuimba Mulungwishi. Ku kila safari kuko kitu kimoja kinachotangulia mbele ya valizi: mukate. Mama anaweka mukate na mayai mu mufuko. Kiongozi wa korali anagawanya mukate na siagi. Bisi ikisimama tu, vijana wanakimbilia dirisha na beseni ku kichwa: “Mukate! Mukate ya moto!”

Lakini ku internati yetu kuko mwenzetu ambaye mukate ule unamugonjwesha. Munganga alimukataza ngano, tena si kwa juma moja, ni kwa maisha yote. Wengine wanasema ni kiburi, wengine wanasema anaiga Wazungu, na wengine wanasema mambo mabaya kupita pale. Kwa hiyo sisi wakubwa wa wanafunzi tumeona vizuri kueleza jambo hili mbele ya watu kuondoka. Neno letu ni fupi: mu nchi yetu mutu asiyekula ngano hawezi kukosa chakula. Kinachomuumiza ni haya yake ya kusema, na haraka yetu ya kuhukumu.

1. GLUTENI NI KITU GANI?

Gluteni ni protini inayopatikana mu ngano, mu shayiri, na mu nafaka moja ya Ulaya inayoitwa segle. Njo gluteni inayofanya bunga ya ngano ivutike kama mupira wakati mama anakanda, na inayofanya mukate ufure bila kupasuka. Bunga ya mahindi haina gluteni. Ndiyo sababu ukijaribu kufanya mukate na bunga ya mahindi peke yake, unavunjika-vunjika.

Kwa watu wengi gluteni haina mubaya. Lakini kuko ugonjwa unaoitwa seliaki. Kwa mugonjwa wa seliaki, gluteni ikifika mu utumbo mwembamba, askari wa mwili wanaamka na kupiga vita, na mu vita ile wanaumiza utumbo wenyewe. Ndani ya utumbo kuko vinywele vidogo sana ambavyo kazi yao ni kunyonya chakula na kukipeleka mu damu. Vinywele vile vinalala na kuisha. Basi mutu anakula vizuri, lakini mwili haupate kitu. Anaharisha, tumbo linafura, anakonda, damu inapunguka, na mutoto hakomae sawa wenzake.

Ugonjwa huu hauambukize. Unaweza kula naye mu sahani moja bila kuogopa. Tena si ulozi. Ni ugonjwa wa kuzaliwa na mwelekeo wake mu damu ya jamaa, na mara mingi unaonekana kwa ndugu wa tumbo moja. Mpaka leo dawa yake ni moja tu: kuacha gluteni kabisa. Mugonjwa akiacha, utumbo unapona pole pole na nguvu zinarudi.

Kabisa maana yake kabisa. Kipande kimoja cha mukate kiko na gluteni kama gramu 2, ni kusema miligramu 2.000. Waganga walipima wakaona kwamba miligramu 50 tu kila siku, kwa miezi mitatu, zinatosha kuharibu tena utumbo wa mugonjwa. Hesabu ni rahisi: kata kipande kile mara 40, sehemu moja tu inatosha. Basi ukimuambia mwenzako “onja kidogo tu, haitakufanya kitu,” haumusaidie.

Tunaongeza onyo moja. Kuhara kwingi kwa kwetu kunatoka ku amibe, ku minyoo, ku tifo ao ku maji machafu. Usisome habari hii na kujipa ugonjwa. Ukiwa na mashaka, enda kwa munganga, na usiache ngano mbele ya kupimwa. Vipimo vya damu vinatafuta alama za vita ile. Kama mutu amekwisha kuacha ngano kwa muda murefu, alama zinapotea, na kipimo kitasema hakuna kitu.

2. NAMNA WAGANGA WALIVYOJUA

Mu mwaka 1888, munganga Samuel Gee wa London aliandika vizuri alama za ugonjwa huu. Yeye mwenyewe alisema kama kuko dawa, itakuwa ku chakula, lakini hakujua ni chakula gani. Mu mwaka 1924, munganga Sidney Haas wa New York aliwapatia watoto wagonjwa ndizi nyingi na kuwakataza mukate. Watoto wakanenepa, na watu wakasema: ndizi njo dawa! Kumbe faida kubwa ilitoka ku mukate uliokosekana ku sahani.

Aliyefungua siri alikuwa munganga wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke. Mbele ya vita alikuwa amekwisha kushuku ngano. Kisha ikakuja njaa kubwa ya Uholanzi, mu baridi ya 1944 na 1945, wakati mukate ulikosekana mu nchi. Watu walikufa na njaa, lakini watoto wa seliaki waliendelea vizuri kupita wakati wa mukate. Vita ilipoisha, Dicke akapima jambo lile kwa uangalifu, na mu mwaka 1950 akatoa kitabu chake ku universite ya Utrecht, akionyesha kwamba ngano njo inaleta ugonjwa.

Mutu asifikiri kwamba ni ugonjwa wa Wazungu tu. Ku nchi nyingi unapata kama mutu 1 ku watu 100, hata kama wengi hawajui. Na mu mwaka 1999 waganga walitangaza kwamba kati ya watoto wa Wasaharawi, watu wa Sahara ya Magharibi, walipata zaidi ya 5 ku 100. Wasaharawi ni Waafrika wa jangwa, na mukate wa ngano umekuwa kwao chakula cha kila siku. Mahali ngano inaingia, ugonjwa uliojificha unaweza kuonekana.

3. MEZA YETU INATOSHA

Sasa tuangalie sahani zetu. Bukari ya mahindi, bukari ya mihogo, ao ya kuchanganya mbili zile: haina gluteni. Muchele hauna. Mutama na ulezi hazina. Viazi vitamu, mihogo ya kuchemsha, ndizi, maharagi, kalanga, sombe, matembele, lengalenga, samaki wa Nzilo, tomsoni, makayabu, kuku, mayai: vyote hivi havina. Mihogo na mahindi vilitoka Amerika, vikaingia Afrika, na mababu zetu wakavifanya chakula chao. Tangu zamani za Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mu 1906, wafanyakazi wa migodi walikuwa wanapewa bunga ya mahindi ku posho. Ngano tunayokula kwetu, nyingi inatoka mbali, na imekuja kuwa chakula cha asubuhi na cha safari.

Kwa hiyo mu Ulaya mutu wa seliaki anatafuta mukate wa pekee, wa bei kali, mu magazini ya pekee. Hapa Kolwezi anaingia tu ku malewa, anaomba bukari, sombe na samaki, na amekula. Tunapaswa kumushukuru Mungu kwa jambo hili, maana mara mingi tunahesabu bukari kuwa chakula cha masikini, na mukate kuwa chakula cha heshima.

4. MAHALI NGANO INAJIFICHA

Lakini angalia! Ngano haikae tu mu mukate. Inajificha. Tumeandika mahali inapojificha kusudi kila mutu akate karatasi hii na kuibeba.

Mafuta ya kukalangia. Mama anakalanga vitumbula vya ngano, kisha mu mafuta yaleyale anatia viazi ao samaki. Viazi havina gluteni, lakini mafuta yamebeba bunga. Uliza mafuta mbele ya kuuliza bei.

Meka ya soko. Mama muuzishaji anapima bunga ya ngano na meka ile, kisha anapima bunga ya mahindi na meka ileile. Omba apanguse meka, ao ununue mahindi na kuyapeleka mwenyewe ku mashini.

Kisu na kijiko. Kisu kikitoka ku mukate na kuingia mu kopo ya siagi ao ya kalanga ya kusaga, kopo ile si yake tena. Apewe kopo yake yenye jina.

Supu na muchuzi. Wapishi wengine wanatia kijiko cha bunga ya ngano kusudi muchuzi ukuwe muzito. Nyama ya kusaga nayo inaweza kuchanganywa na mukate.

Semule. Jina hili linatudanganya. Kuko semule ya mahindi na kuko semule ya ngano, na zote mbili watu wanasonga bukari nazo. Soma mufuko.

Sosi ya soya. Siku hizi restora za Wachina ni nyingi mu Kolwezi. Muchele wao ni muzuri, lakini sosi nyeusi ya soya kwa kawaida inatengenezwa na soya na ngano. Makaroni na tambi nyingi ni ngano vilevile.

Vinywaji. Juu ya pombe shule yetu imekwisha kusema. Lakini hata kinywaji cha malti kisichokuwa na ulevi kinatoka ku shayiri. Munkoyo wa mahindi ni muzuri, kama hakuna mutu aliyechanganya kitu kingine.

Avwani. Yenyewe haisumbue wagonjwa wengi, lakini mara mingi imechanganyika na ngano mu shamba ao ku mashini. Kama mufuko hausemi kwamba ni safi, uiache.

5. MU BARABARA, MU TRENI NA MU NDEGE

Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni kilometa kama 300. Zikienda vizuri ni masaa machache. Kamyo ikianguka mu barabara, ni siku nzima. Musafiri asiyekula ngano asiondoke na mikono mitupu akisema “nitapata mu njia.” Abebe viazi vya kuchemsha, mayai na maganda yake, kalanga na ndizi. Vitu vilivyo na ganda ni rafiki wa musafiri, maana mukono wa mutu mwingine haukuingia ndani. Vilevile mu njia, ku Fungurume ao Likasi, anunue vya ganda kwanza: ndizi, yai, muhogo uliochemshwa na kumenywa mbele yake. Juu ya muhogo muchungu, tukumbuke kwamba unapaswa kulowekwa siku za kutosha. Muhogo wa haraka haraka uko na sumu yake mwenyewe.

Anayepanda treni afikiri siku mbili zaidi kupita zile walizomuambia. Bunga yake ya mahindi, chumvi, makayabu na nyungu yake ndogo vitamuokoa. Nyungu ni ya maana: ku moto wa watu wengi, mwiko mumoja unaingia mu kila chakula.

Ukivuka mupaka ku Kasumbalesa, Zambia wanaita bukari nshima, na ni bukari ileile. Ukienda mbali mpaka Dar es Salaam ao Zanzibar, jifunze jambo hili: majina yanabadilika. Kwetu vitumbula ni vya ngano. Kule pwani vitumbua vya asili ni vya muchele, na kuko hata mukate wa kumimina unaofanywa na muchele. Lakini chapati, mandazi na mahamri ni ngano tupu, na wapishi wengine wanaongeza ngano mu vile vya muchele. Ku Addis Abeba, mahali ndege za Lubumbashi zinapita, watu wanakula injera. Injera ya tefu peke yake haina gluteni, lakini mara mingine wanachanganya tefu na shayiri ao ngano. Basi kanuni ni hii: usiulize jina, uliza bunga. Kuuliza si ujinga.

Mutu wa ndege atoe habari kwa kampuni ya ndege mbele, si mu ndege. Kampuni kubwa nyingi zinaweza kuleta sahani bila gluteni, kama ukiomba siku moja ao mbili mbele ya safari. Mufupi wa maandishi yake ni GFML, na inafaa kuona herufi zile ku tiketi. Hata vile abebe chakula chake, maana ahadi ya sahani haishibishe. Ku vyakula vya viwanda, akiona neno la Kifaransa “sans gluten” ao picha ya suke la ngano lililokatwa na mustari, ajue wanasema chakula hiki hakina gluteni. Kanuni ya mataifa yote, Codex Alimentarius, iliweka mupaka: isipite miligramu 20 mu kilo moja.

6. KUKATAA BILA KUTUKANA

Hapa njo penye taabu yenyewe. Kwetu, mugeni akikataa chakula, mwenye nyumba anaumia mu moyo. Atafikiri: amedharau nyumba yangu, ao anaogopa nitamulisha kitu kibaya. Basi mwenzetu anashikwa kati ya mambo mawili: kula na kugonjwa, ao kukataa na kuitwa mwenye kiburi. Wengine wanakula kwa haya. Usiku wanaharisha, na kesho hawawezi kusimama. Mwaka huu, finalisti akila vibaya siku moja mbele ya Examen d’État, anaweza kupoteza mwaka muzima kwa sababu ya kitumbula kimoja.

Mu Biblia tunasoma mufano wa Danieli, mu sura ya kwanza ya kitabu chake. Alikuwa kijana kama sisi, tena mu nyumba ya wageni. Sababu yake ilikuwa nyingine, lakini angalieni namna alivyofanya. Hakupindua meza ya mufalme, na hakusema chakula kile ni kibaya kwa wote. Alienda kwa mukubwa mwenye kusimamia, akaomba kwa upole, akasema ni kitu gani anachoweza kula, na akaomba wajaribu siku 10. Njia ile inafaa mpaka leo: sema mbele, sema kwa upole, na sema unachoweza kula, si unachokataa tu.

Kwa hiyo, ukialikwa, tuma habari mbele ya kufika. Mama wa nyumba akijua asubuhi, hatapata haya jioni. Beba kilo ya muchele kama zawadi. Hakuna atakayeona ni tusi. Na ubebe karatasi ndogo kama hii, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa:

“Mama ao Baba, munisamehe. Munganga alinikataza ngano: mukate, biskuti, vitumbula, makaroni, chapati. Hata kidogo inanigonjwesha. Naweza kula bukari ya mahindi ao ya mihogo, muchele, viazi, maharagi, majani, samaki na nyama, kama hamukutia bunga ya ngano. Aksanti sana.”

Ku malewa uliza hivi: “Mama, mu hii supu mulitia bunga?” Akijibu, “Hapana, mwana, ni nyanya na kitunguu tu,” muulize tena: “Na mafuta, mulikalangia vitumbula?” Maulizo mawili tu. Akikasirika, enda kwa mama mwingine. Malewa ni mingi.

7. MEZA YA BWANA

Kuko meza moja ambayo hatuwezi kuibebea viazi. Ni Meza ya Bwana. Mukate ukipita na mutu asichukue, wale wanaokaa nyuma wanaanza kujiuliza: alifanya zambi gani? Yuko mu azabu ya kanisa? Hakuna njaa inayouma kama ile.

Ndugu zetu Wakatoliki wako na kanuni yao: barua ya Roma ya mwaka 2017 ilikumbusha kwamba hostia isiyo na gluteni hata kidogo haikubaliwe, lakini ile yenye gluteni kidogo sana inakubaliwa. Makanisa mengi ya Kiprotestanti mu dunia yanawawekea wagonjwa mukate usio na gluteni mu sahani ya pembeni. Sahani iwe ya pembeni kweli, maana makombo yanaruka. Tena kama watu wanachovya mukate mu kikombe kimoja, kikombe kile kimekwisha kuingia ngano. Vikombe vidogo ni salama. Mu Yohana 6 tunasoma kwamba mikate mitano iliyoshibisha makutano ilikuwa ya shayiri, kwa maana njo mukate waliokuwa nao. Tunaomba kwa heshima wachungaji na wazee wafikiri jambo hili, kusudi mutu asifungiwe nje ya meza kwa sababu ya utumbo wake.

8. NENO KWA WENYE KUPIKA NA WENYE KUSAFIRI PAMOJA

Kati yetu wengine watafanya kazi ku hoteli, ku restora, ao ku kantini za migodi, mahali wageni wa kila nchi wanakula. Atakuja mutu mumoja na kusema: sikule gluteni. Mupishi asiyejua atacheka ao atasema “hakuna shida” bila kuangalia nyungu. Mupishi anayejua atanawa mikono, atachukua kikalango safi na mafuta mapya, na atasema ukweli kama hana chakula cha kumupa. “Sijui” ya kweli ni bora kupita “hakuna shida” ya uongo.

Na kwa safari ya Mulungwishi tumekwisha kupatana hivi na wasimamizi. Mufuko wa chakula cha mwenzetu utakaa mbele, pembeni ya shofa, mbali na mifuko ya mukate. Kijana mumoja na musichana mumoja watatangulia ku jiko la wenyeji kusema mambo haya kwa upole. Na siku ya kwenda, kwa asubuhi ile moja, korali yote itakula viazi na kalanga. Hakuna atakayekufa kwa kukosa mukate masaa sita, na kati ya viti vyote vya bisi ile hakutakuwa kiti cha mutu anayekula peke yake.

Tunawatakia wote safari njema, na Mungu awalinde mu njia.

Sisi, wakubwa wa wanafunzi, mwaka wa mwisho